Kadi ya Idi yenye picha ya mzaha ya familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mwaka, Unguja na Pemba, kuanzia Shaabani hadi usiku wa kuandama mwezi. Yanahusu kadi za sikukuu ambazo familia hujitengenezea wenyewe: picha yao halisi iliyohaririwa ikawa ya kuchekesha. Yameanzia ya msingi yakaishia kwa yale yenye uzito. Jibu likihitaji jingine, utaelekezwa kwa nambari.

## Mwanzo

1. Kadi ya picha ya mzaha ni ipi hasa?

Ni picha ya watu wa nyumbani kwenu wakiwa ndani ya jambo lisilowezekana. Watoto wamekaa kwenye ukingo wa kikombe cha kahawa wakichovya miguu. Baba anapiga kasia ndani ya kifuu cha nazi. Bibi yuko juu ya mkeka unaopaa juu ya mapaa ya Mji Mkongwe, na mkoba wake begani. Vipande hupigwa picha mbalimbali, kisha huunganishwa kwenye simu au kompyuta.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, mpiga picha aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, aliunganisha negativu zaidi ya 30 zikawa picha moja, na yote aliyafanya kwa mikono katika chumba cha giza. Leo kazi hiyo inafanyika kibarazani baada ya Alasiri.

2. Kuna ubaya wowote kidini?

Kuhusu picha zenyewe wanazuoni hawana kauli moja. Familia yenye msimamo wake iufuate, na mwenye shaka amuulize sheikh anayemwamini. Sisi tunasisitiza adabu: aya za Kurani na jina la Mwenyezi Mungu visiingie ndani ya picha ya mzaha, msikiti usigeuzwe kitu cha kuchezea, na saumu na swala visifanyiwe utani. Mzaha wa kikombe na sinia unatosha. Kwa wasiotaka nyuso zionekane, tazama swali la 23.

3. Lazima niwe na kamera kubwa?

Simu ya kawaida inatosha. Cha lazima ni kitu cha kuituliza: stendi ya miguu mitatu, au meza yenye mfuko wa mchele wa kuiegemeza. Picha mbili zilizopigwa kwa mkono hazilingani hata ukijitahidi vipi, na kazi yote ya kuunganisha inategemea kulingana huko. Tumia taima ili kidole chako kisiitikise simu. Na ufute lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kuanza, kwa sababu hewa ya bahari huacha utando wa chumvi unaofifisha kila kitu.

4. Nianze lini?

Shaabani. Ramadhani ikishaingia, jioni yenye mwanga mzuri ndiyo saa ambayo jikoni kunawaka moto na watu wamechoka. Kumi la mwisho hakuna atakayekusikiliza, na hapo ndipo wenye mashine za kuchapisha wanapolemewa na kazi.

Angalia pia msimu. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Idi el Fitri iliyoangukia Aprili 2024, ndani ya masika, sasa inasogea kuelekea kaskazi. Mpango wa picha uliofaa mwaka wa mvua huenda ukahitaji kubadilishwa mwaka wa upepo.

## Kubuni mzaha

5. Sina wazo. Nianzie wapi?

Anzia jikoni kwenu, kabla ya kutazama kadi za watu wengine. Tafuta kitu ambacho umbo lake linamkaribisha mtu: sinia lina ukingo wa kukalia, dele, lile birika la kahawa, lina mkono wa kuning'inia, kawa ya kufunikia chakula ni paa la nyumba, kifuu ni chombo cha baharini kikitiwa tanga la kipande cha kanga. Kashata zikipangwa vizuri ni ngazi.

Pemba mna mawazo ambayo Unguja hawana. Karafuu zilizoanikwa kwenye jamvi huwa bahari ya kuogelea watoto wadogo kama kidole. Na popo wa Pemba, wale wanaotazamwa Kidike, wanaleta mzaha mwepesi kuliko yote: wapige watoto wamesimama wamekunja mikono kifuani, igeuze picha juu chini, kisha uwaning'inize kwenye tawi la mwembe. Ila nguo zichomekwe na mitandio ibanwe. Kanzu inayoning'inia kuelekea miguuni kwa mtu aliye kichwa chini huharibu kila kitu.

6. Naweza kuweka mizaha mitatu kwenye picha moja?

Usiweke. Hii ndiyo kanuni ambayo tungependa msomaji aishike hata akisahau nyingine zote: picha ibebe uongo mmoja, na kila kilichobaki kiwe kweli tupu. Familia imekuwa ndogo kama vijiti vya kiberiti, huo ndio uongo. Basi kikombe kiwe kikombe chenu hasa, na doa lake. Kivuli kiende kinakotakiwa kwenda, na shangazi awe na uso wake wa kila siku. Mtazamaji hukubali jambo moja la ajabu kwa furaha. Ukimwongezea samaki anayeruka, mwezi mkubwa na vimulimuli vya programu, hacheki tena. Anaanza kukagua.

7. Mtu gani achekeshwe?

Hakuna. Mzaha uwe juu ya hali waliyomo wote, usiwe juu ya maumbile ya mmoja wao. Unene, ufupi, upara na rangi ya ngozi viache kabisa, kwa kuwa kadi hukaa miaka. Wazee wapewe mahali pa heshima ndani ya mzaha wenyewe: babu akae juu kabisa ya dele, wajukuu ndio wahangaike kupanda. Na kabla ya kuituma kwa yeyote, mwonyesheni babu kwanza.

## Kupiga picha

8. Saa gani ina mwanga mzuri?

Asubuhi hadi kiasi cha saa mbili na nusu, na jioni kuanzia saa kumi na nusu. Visiwa vyetu viko nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua linakaa utosini na kuwatia watu vivuli vyeusi machoni.

Kwa anayeanza, kivuli cha ukuta ni bora kuliko jua lenyewe, maana hapatakuwa na kivuli kikali cha kuigiza baadaye. Chini ya mwembe epuka, pana madoa ya jua yanayorukaruka kwenye nyuso. Na kikombe kipigwe palepale walipopigwa watu, jioni ileile. Ukikipiga usiku chini ya taa, hakuna programu itakayokuokoa.

9. Kwa nini watu wadogo wanaonekana kama wamebandikwa?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi sababu ni urefu wa kamera.

Tuseme umempiga mtu aliyesimama, simu ikiwa usawa wa kifua chake. Basi kwenye picha ya kikombe, simu inatakiwa iwe usawa wa kifua cha kijitu kitakachosimama pale mezani, yaani sentimita chache tu kutoka mezani. Wengi wanampiga mtu kwa usawa wa macho, kisha wanakipiga kikombe wakiwa wamesimama, wakikitazama kutoka juu. Mtazamaji hawezi kueleza kosa ni nini, lakini jicho lake linakataa.

Dawa yake ni njiti ya kiberiti. Ivunje iwe na urefu unaotaka mtu awe nao, isimamishe kwa punje ya unga uliokandwa pale atakaposimama, kisha shusha simu mpaka iwe usawa unaofaa. Piga picha moja yenye njiti na nyingine bila njiti. Ile ya kwanza itakuonyesha urefu wa mtu, upande wa kivuli na hata urefu wa kivuli chenyewe, nayo itakufaa tena kwenye swali la 16.

Ukitaka sinia lionekane kutoka juu, watu nao wapigwe kutoka juu: simama roshani au kwenye ngazi, wao wawe uani chini yako.

Sababu ya pili ni ukaribu. Simu ikikaribia sana kikombe, ukingo wa mbele huwa safi na wa nyuma huwa na ukungu, na watu wako walio safi kote hawatakaa humo. Rudi nyuma hatua moja, kisha ukate picha baadaye.

10. Nifanyeje mtu mmoja aonekane mara nne, au familia ielee juu ya mkeka?

Yote mawili yanafanywa kwa njia moja. Funga simu kwenye stendi, bonyeza kioo na ukishikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, na usiiguse tena mpaka mwisho. Kwa mtu wa mara nne, mpige kila pozi bila mwili wake kupita juu ya pozi jingine. Mwisho watoe watu wote na upige mahali penyewe pasipo mtu.

Picha hiyo ya mwisho ndiyo wanayoisahau watu, na ndiyo yenye kazi kubwa. Kwa mkeka unaopaa, watu wanakaa kwenye benchi nyembamba kuliko mkeka, kingo za mkeka zikiwa zimekazwa kwa boksi gumu. Kwenye kuhariri unafuta benchi, na ile picha isiyo na mtu inajaza sakafu iliyokuwa nyuma yake.

11. Kanzu nyeupe na buibui jeusi vinanisumbua.

Vinasumbua kwa sababu ya ukuta. Kanzu mbele ya ukuta wa chokaa haina mpaka, na buibui mbele ya mlango mweusi wa nakshi halina mpaka pia. Badilishana: kanzu mbele ya mlango, buibui mbele ya chokaa. Kwa kanzu, punguza mwanga kidogo kabla ya kupiga mpaka mikunjo ya kitambaa ionekane, maana nyeupe iliyoungua hairudishiki. Kofia ya viua ipigwe kwa karibu ya kutosha ili mshono wake uonekane. Ni kazi ya mikono ya miezi, inastahili.

12. Watoto hawatulii.

Mpige kila mtoto peke yake. Hiyo ndiyo raha ya picha ya kuunganisha: hakuna haja ya wote kutazama kamera kwa sekunde moja.

13. Nguo za sikukuu bado ziko kwa fundi, na mama hataki zionekane kabla ya siku yenyewe.

Mama ana haki. Tumieni za mwaka jana, au nguo za nyumbani, ambazo mara nyingi huchekesha zaidi.

## Kuhariri

14. Programu ipi?

Yoyote yenye tabaka na maski. Tabaka ni picha zilizopangwa moja juu ya nyingine. Maski ni pazia linaloficha sehemu ya tabaka bila kuifuta. Kwenye kompyuta, GIMP ni ya bure na imekuwapo tangu miaka ya 1990, na Photopea hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinishwa. Photoshop ni nzuri lakini hulipiwa, na kwa kadi moja ya Idi sioni sababu. Kwenye simu, PicsArt inaweza kazi hii, ila utahitaji uvumilivu wa kidole.

15. Nikimkata mtu, kingo zinakuwa mbaya.

Tumia maski badala ya kifutio, ili kosa lirekebishike. Laini ukingo kidogo, pikseli moja au mbili tu, kwa sababu hakuna mtu mwenye ukingo mkali kama wa karatasi iliyokatwa kwa wembe. Ukiona mstari wa rangi ya ukuta wa zamani kuzunguka bega, sogeza maski ndani kidogo. Nyuzi za ncha za mtandio ni ngumu kuzikata, basi zikunje kabla ya kupiga. Na miguu ukiweza ifiche nyuma ya kitu, kama ukingo wa sinia au rundo la vileja.

16. Kivuli nakichoraje?

Fanya viwili, katika tabaka mbili. Cha kwanza ni chembamba na cheusi, pale mguu unapogusa meza hasa. Kisipokuwapo, mtu anaelea. Cha pili ni kirefu na laini, kinaelekea upande ule ulioonyeshwa na njiti (swali la 9), na hufifia kadiri kinavyokwenda mbali na mguu. Rangi yake isiwe nyeusi kabisa: chukua rangi ya meza yenyewe uitie giza.

Kwa mkeka unaopaa, kivuli kiko chini kwenye sakafu, mbali na mkeka, na kingo zake ni laini zaidi. Kivuli hicho ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba mkeka uko juu.

17. Si nimwambie tu akili mnemba inifanyie yote?

Unaweza, na utapata picha haraka. Tatizo ni kwamba watu waliomo si ninyi. Programu hizo mara nyingi huubuni uso upya: pua ya bibi inakuwa ya mtu mwingine, pengo la mtoto linazibwa, vidole vinaongezeka. Nazo huenda zisijue kawa wala dele, na vyombo vyenu vikageuzwa vya nchi nyingine. Itumie kwa kazi ndogo, kama kufuta waya wa umeme kwenye ukuta wa nyuma. Na fikiria kabla ya kupandisha picha za watoto kwenye huduma ambayo hujui inazihifadhi wapi.

18. Simu yangu inawafanya watu weupe.

Zima kichujio cha urembo kabla ya kupiga. Baadhi ya simu zinakuja nacho kikiwa kimewashwa. Tunaomba sana hili: msimng'arishe mtoto ngozi kwenye kadi ya Idi. Ataiona akiwa mkubwa, naye atafahamu.

## Maandishi, kuchapisha na kutuma

19. Tuandike nini?

Maneno machache. "Mkono wa Idi kutoka kwetu" na jina la nyumba yenu yanatosha, maana picha imeshasema. Msiandike tarehe ya kalenda ya kawaida, kwa sababu mwezi ndio unaoamua. Andikeni 1 Mfunguo Mosi (Shawwal) na mwaka wa Hijria, haitakosea.

Mkitaka "Idi Mubarak" kwa herufi za Kiarabu, mpe anayezisoma aikague kabla ya kuchapa. Baadhi ya programu huzitenganisha herufi au kuzigeuza mwelekeo, na mtu asiyezisoma hawezi kujua.

20. Ukubwa gani kwa kuchapa?

Kadi ya A6 ni milimita 105 kwa 148, sawa na pikseli 1240 kwa 1748 kwa nukta 300 kila inchi. Ya A5 ni pikseli 1748 kwa 2480. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Karatasi ya gramu 250 au 300 inasimama yenyewe mezani. Omba nakala moja ya majaribio: buluu ya bahari na kijani cha migomba hupoa vikichapwa, hata kama kwenye kioo vinawaka. Kadi zilizochapwa kwa wino wa maji ziacheni zikauke vizuri kabla ya kuzitia kwenye bahasha, hewa yetu ina unyevu.

21. Kwa WhatsApp je?

Kwa kutazamwa kwenye simu, tengeneza nakala ya wima, pikseli 1080 kwa 1920, na maandishi makubwa zaidi. Mwenye duka la kuchapa umtumie faili kama hati, si kama picha, kwa kuwa picha hubanwa njiani.

## Yanayohitaji uangalifu

22. Kaka yuko Maskati na tunataka awemo.

Mtumie ile picha yenye njiti na umweleze vitu vitatu: simu iwekwe usawa gani, mwanga utoke upande gani, na atazame wapi. Asimame kivulini, ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja. Asijipige selfi, lenzi ya karibu hupanua pua na kufupisha masikio. Mwenzake ampige kutoka hatua nne au tano, kisha atume kama hati (swali la 21).

23. Dada hataki uso wake uonekane, na bibi hapigwi picha bila ushungi.

Neno lao ndilo la mwisho. Picha iliyopigwa ndani, mtu akiwa hajajisitiri, isitumike hata kama ndiyo nzuri kuliko zote, na isitumwe kwa mtu wa kuhariri nje ya nyumba. Zipo njia: wote wapigwe kwa nyuma wakitazama kikombe kama watu wanaotazama mnara. Au viatu vyao tu vipangwe kwenye mlango wa kawa, saizi baada ya saizi. Au dada awe mikono miwili yenye hina inayoshika sinia ambalo wengine wamekaa. Kadi ya viatu ni nzuri sana, tunaipendekeza hata kwa wasio na sharti hilo.

24. Tumweke babu ambaye ameshafariki?

Ulizeni kwanza wote waliomzika, hasa mjane wake. Akisita hata mmoja, acheni. Wakikubali, asiingizwe ndani ya mzaha wala asitengenezewe pozi ambalo hakuwahi kulikaa. Picha yake ya zamani iwe kwenye fremu, ukutani nyuma yao, kama ilivyo nyumbani.

25. Naweza kuchukua picha ya Forodhani kwenye intaneti niiweke nyuma?

Ina mwenyewe. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na kadi inayozunguka kwenye simu huwa haifichiki. Juu ya hayo, mwanga wake hautalingana na wenu. Nendeni Forodhani jioni, pigeni yenu, na mle urojo.

26. Sikukuu Kubwa tutengeneze nyingine?

Hifadhini faili lenye tabaka zote, si ile picha ya mwisho peke yake. Kwa Idi el Haj mtabadilisha maandishi yawe 10 Mfunguo Tatu na kuondoa vileja mezani. Mbuzi wa kuchinja msimtie kwenye utani, kwa adabu ileile ya swali la 2. Mbuzi ya kukunia nazi, mtoto akiwa ameipanda na kushika hatamu za ukambaa, inaruhusiwa. Jirani Mkristo akiipenda kadi yenu, mtengenezeeni ya Krismasi kwa picha ya familia yake mwenyewe na kikombe chake mwenyewe.